Sauti Iliyotangulia Njiani

Kanisani hakuna aliyejua kwamba Mama Pacha haombi. Wangejuaje? Alifika mapema kuliko wengi, akakaa upande wa dirishani, akainamisha kichwa wenzake walipoinamisha, akasema amina mahali pa kusema amina. Majoho ya kwaya, yote, yalipita kwenye cherehani yake. Lakini tangu walipomzika mwanawe wa kiume, pacha wa Chiriku, hakuwa amemwambia Mungu neno hata moja la kwake mwenyewe. Mtoto alipokuwa na homa aliomba mpaka magoti yakachubuka. Kulipokucha mtoto hayupo, na yeye akafunga mdomo. Hakuiacha imani kwa kishindo wala hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, kama mke anavyomnyamazia mume ndani ya nyumba moja: chakula anapakua, nguo anafua, maneno hamna.

Watu waliendelea kumwita Mama Pacha, ingawa pacha amebaki mmoja. Mwanzoni jina lilimchoma. Baadaye akalizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Aliyejua ni mama mkwe wake peke yake. Bibi yule alikuwa mkunga maisha yake yote, na sasa macho yalikuwa yamemwishia, lakini masikio, usiseme! Alisikia sufuria ikikaribia kuchemka akiwa barazani. Siku moja, wakichambua mboga, alisema bila kuinua uso, "Mwanangu, siku hizi ukisali mezani unasema maneno ya mtu mwingine." Mama Pacha akajifanya hajasikia. Bibi naye hakurudia.

Bibi ndiye aliyeweka sheria ya matembezi ya Jumapili. Chakula cha mchana kikishaliwa, hakuna kujilaza. Watu wavae viatu, wapite katikati ya mikaratusi, wapande kilima, washuke hadi kijitoni kwenye nyumba ya pampu, warudi kwa njia ya malishoni. Aliyaita ibada ya miguu. Alitembea ameshika mkono wa mjukuu wake Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupumzika, na kila baada ya kitambo angesimama, apapase kitu kwa fimbo, atoe mahubiri. Ndama aliyejizungusha kamba mguuni alikuwa mahubiri. Kichuguu kilichoota tena baada ya kubomolewa kilikuwa mahubiri.

"Shikeni hapa," aliwaambia siku moja, ameweka kiganja kwenye shina. "Huu mti umemeza seng'enge. Haukuitoa. Umekua nayo ndani, na huko juu nasikia majani."

"Mama," mwanawe akasema, "ukiendelea hivi itabidi tukutolee sadaka ya pili."

Wote wakacheka. Mwanawe huyo, Baba Pacha, alikuwa fundi bomba, mtu wa mikono mikubwa na utani mwingi, aliyetunza mabomba na pampu ya maji ya kijiji kizima. Mama Pacha alicheka pamoja nao, kisha akabaki nyuma kidogo, akaligusa shina lile pale lilipovimba. Akaondoa mkono haraka kama ameungua.

Mambo yenyewe yalianza mvua ziliposhika kasi. Jumapili hiyo ukungu ulishuka mapema, mzito, mweupe, ukajaa kati ya mikaratusi. Chiriku alikuwa ametangulia mbio. Mara akarudi, anatembea, kimya. Chiriku na ukimya walikuwa hawajuani, kwa hiyo baba yake akamuuliza, "Vipi, umeona nyoka?"

Mtoto alimtazama mama yake toka kichwani hadi miguuni. "Mama, umepita wapi?"

"Nipite wapi? Si niko hapa na bibi yako?"

"Nimekusikia kule mbele. Ulikuwa unaongea."

"Nasema nini?"

"Sikuelewa. Ulikuwa unaongea kama mtu anayelia."

Baba Pacha akacheka. "Ukungu huo! Sauti kwenye ukungu ni kama maji kwenye bomba bovu, hutokea usipoitegemea. Kuna mama anaokota kuni huko." Wakaendelea na safari. Hawakumkuta mama yeyote mwenye kuni. Bibi alitembea na kichwa amekiinamisha upande mmoja hadi malishoni, na siku ile hakukuwa na mahubiri.

Katikati ya wiki, Mama Pacha alikuwa chumbani kwake cha kushonea, anapinda upindo wa joho. Chumba kilikuwa kidogo: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na majoho yaliyomalizika yakining'inia ukutani kama watu waliogeuka kutazama ukuta. Ilikuwa mchana, na mvua imekatika. Alikuwa anakanyaga cherehani, mawazo yako mbali, ndipo aliposikia mtu ananong'ona nje, kwenye njia inayopita nyuma ya nyumba.

Akaacha kukanyaga. Kimya.

Akakanyaga tena, na minong'ono ikarudi, chini ya mlio wa cherehani. Mwanamke. Maneno hayakushikika, ila namna ya kuyasema aliitambua: kulikuwa na mahali pa kuvuta pumzi katikati ya neno, kwa ghafla, kama mtu aliyejikwaa. Mumewe alikuwa akimtania kwa tabia hiyo tangu siku za uchumba. Hakumjua mwanamke mwingine anayeongea hivyo.

Akainuka, akachungulia. Njia tupu, majani yanadondosha maji. Akafunga dirisha, akarudi kukaa, na sindano ikamchoma kidole kabla hajajua ameanza kushona. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba amejisikia anapita nje?

Jumapili iliyofuata mabomba yalikuwa makavu. Walipotoka tu kanisani, Baba Pacha alivua shati jeupe, akavaa la kazi, akatwaa mfuko wake wa spana.

"Kula kwanza," mkewe akamwambia.

"Nikila nitalala. Naangalia mara moja. Nyie fanyeni ibada yenu ya miguu, tutakutana huko huko kijitoni."

Wakatoka watatu: bibi, mkwe na mjukuu. Ukungu ulikuwa chini kuliko wiki iliyopita, mpaka Chiriku akasema anaona kiuno cha miti tu, vichwa vimekatwa. Hakukuwa na ndege. Maji yalidondoka toka kwenye majani, tone hapa, tone pale, na kila tone lilisikika kama hatua ya mtu. Walipofika kijitoni, nyumba ya pampu ilikuwa imefungwa kwa kufuli na pampu inanguruma vizuri tu. Wakaita. Wakaita tena. Patupu.

"Baba ameshamaliza," Chiriku akasema. "Atakuwa amepita malishoni, yuko nyumbani anakula peke yake."

Hilo liliingia akilini. Wakageuka wafuate njia ya kurudi, na pale pale, upande wa kushoto, kule ambako hakuna njia ila vichaka na bomba la zamani lililotelekezwa, mwanamke akasema, waziwazi, kama mtu aliye chumba cha pili:

"Huyu usinichukulie. Nakuomba. Huyu niachie."

Chiriku akamshika mama yake sketi kwa mikono miwili. Midomo ya mama yake ilikuwa imefungwa, na mtoto aliitazama midomo ile, macho yamemtoka.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "Mama hajasema kitu. Mimi nimemwangalia. Hajasema kitu."

"Najua," Bibi akasema.

"Twendeni nyumbani," Mama Pacha akasema. "Mama, tafadhali, tuondoke hapa. Hicho si kitu chema."

Bibi alikuwa amesimama wima, fimbo mbele yake. "Hiyo ni sauti yako, mwanangu. Nilikuzalisha mimi, nilikushika mkono usiku ule hadi asubuhi. Siwezi kuikosea."

"Ndiyo maana nasema tuondoke!"

"Anamwomba Mungu. Kitu kibaya kingeomba hivyo? Mtu anasali, sisi tumkimbie?"

Sauti ikaita tena, mbali kidogo. Bibi, bila kusubiri ruhusa ya mtu, akaingia vichakani akipapasa bomba la zamani kwa fimbo, tik, tik, tik. Wangefanyaje? Kipofu hawezi kuachwa aende peke yake. Mama Pacha alimshika mwanawe mkono akamfuata, roho mkononi.

Sauti iliwatangulia. Wakiharakisha, nayo inaharakisha. Bibi akisimama apumue, nayo inasimama, kama mwenyeji anayemsubiri mgeni mwenye miguu mizito. Hawakuona mtu. Majani yaliyokuwa mbele yao yalikuwa yamebeba matone mazima mazima, wala hakuna aliyeyagusa.

"Nimechoka kukununia," sauti ikasema. "Miaka yote hii nimekununia. Sasa nimechoka. Nisikie basi."

Kilichomtisha Mama Pacha kupita yote ni hiki: alilijua kila neno kabla halijafika. Hakuwahi kuyatamka maneno yale, hata kichwani. Lakini yalipokuja, yalikuja kama kitu chake kilichokuwa kimelazwa chini ya godoro, na mtu sasa anakitoa na kukianika nje. Aliona aibu. Katikati ya hofu ile, aliona aibu mbele ya mama mkwe wake.

Njia ikaanza kushuka. Udongo ukawa laini, viatu vinazama. Sauti ikasema, karibu kabisa sasa, "Mwanangu yule..." ikavuta pumzi katikati, na ikakatika.

Hapakuwa na kitu tena. Ukungu tu na matone. Kisha, kutoka chini, wakasikia mlio mwingine, mfupi, mzito, kama ng'ombe anayepumua zizini.

Walikuwa juu ya tangi la zamani la zege, lile lililochimbiwa kwenye mteremko kabla pampu haijaletwa. Ukingo wa udongo ulikuwa umeporomoka. Na ndani ya udongo ule mwekundu kulikuwa na kichwa, na bega moja, na mkono mmoja mkubwa unaofumba na kufumbua.

"Baba!" Chiriku akapiga ukelele.

Baba Pacha alikuwa amezikwa hadi kifuani. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alijaribu kusema na hakuweza. Udongo ulikuwa umemkaba, kila akitoa pumzi unakaza. Hata kama wangepita njia ya malishoni mara kumi wasingemsikia.

Akili ilimrudia Mama Pacha mara moja. "Chiriku! Bomba hili, lifuate hadi nyumba ya pampu, halafu malishoni. Piga kelele nyumba ya kwanza utakayoiona. Waje na majembe. Kimbia, mama, kimbia!" Mtoto akachomoka. Bibi aliteleza kwa makalio hadi alipo mwanawe, akakipakata kichwa chake, akaanza kumwambia kwa sauti ile ya wodini, "Pumzi ndogo ndogo, baba. Usivute kubwa. Ndogo, kama hivi. Enhe. Nyingine."

Mama Pacha akachimba kwa mikono. Alipata kipande cha bati, akachimba kwa bati, bati likakunjika, akarudi kwenye mikono. Akitoa konzi moja, nyingine inateremka. Kucha zikakatika. Juu yao ukingo ulikuwa ukidondosha mabonge madogo, puf, puf, na kila bonge Bibi aliinua uso usioona na kuinamisha mgongo wake juu ya mwanawe.

Hakujua alianza saa ngapi. Alijisikia tu anasema.

"Huyu usinichukulie. Nakuomba. Huyu niachie. Nimechoka kukununia. Miaka yote hii nimekununia. Sasa nimechoka. Nisikie basi."

Mikono ikasimama. Akatazamana na mama mkwe wake, yaani yeye alitazama, na yule mwingine aligeuza sikio. Akaanza tena kuchimba, na maneno yakaendelea, moja baada ya jingine, katika mpangilio ule ule, mpaka yakafika pale.

"Mwanangu yule..."

Akavuta pumzi. Hapo ndipo sauti ilipokatika njiani. Kuanzia hapo hakuna aliyemtangulia. Hakukuwa na neno lililolala likimsubiri. Ilibidi alitafute mwenyewe.

"Mwanangu yule ulimchukua," akasema, "na nilikuomba. Nilikuomba vizuri. Sikukosea neno. Nilidhani labda hunisikii, kisha nikadhani labda unanisikia na hunijali, na hilo la pili ndilo lililonifunga mdomo. Alikuwa anaogopa giza. Ulijua? Nani anamwashia taa huko?" Machozi na udongo vilikuwa vimechanganyika usoni. Alipiga udongo kwa ngumi. "Sikusamehe leo. Sijui kama nitakusamehe. Lakini sina mwingine wa kumwambia. Wewe ndiye uliyepo. Basi kaa hapa. Kaa hapa na sisi, ukingo huu ukishuka utushukie wote."

Ukingo haukushuka. Naye hakuhisi amani, wala joto, wala mkono begani, kama watu wanavyosimulia kanisani. Alihisi kwamba anasikilizwa, na hilo lilimtisha zaidi ya ile sauti ya vichakani. Kule nyuma yake, ndani ya weupe ule, kulikuwa na ukimya wa mtu aliyeacha shughuli zake ili asikilize vizuri. Hakugeuka. Asingegeuka hata angelipwa. Alichimba.

Baadaye ndipo sauti za wanaume zilipokuja, na mbwa, na sauti kali ya Chiriku ikiwaelekeza. Walimtoa Baba Pacha mguu mmoja umevunjika vibaya na mbavu zimeumia, wakambeba kwa mlango wa banda la mtu hadi barabarani, akapelekwa hospitali. Daktari alisema, angechelewa kidogo tu, kifua kisingefunguka tena.

Siku chache baadaye mchungaji alikuja kuwaona nyumbani. Alikuwa kijana mpole, na Bibi alimsimulia yote bila kupunguza. Alisikiliza hadi mwisho, chai ikapoa mkononi.

"Ukungu hubeba sauti," akasema. "Inaweza kwenda ikarudi."

"Hubeba na ile ambayo haijatoka?" Mama Pacha akauliza. Hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua.

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Sijui, dada. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya. Ninyi mlioifuata mmenizidi."

Lakini lililomsumbua Mama Pacha halikuwa hilo. Alilitoa walipokuwa wawili tu, wakitoka hospitali kwa miguu, yeye na Bibi, kwenye barabara ya vumbi iliyoanza kukauka.

"Mama, huyu nimeonyeshwa njia mpaka alipo. Mwanangu alikuwa mikononi mwangu, wala hakuhitaji kutafutwa. Mbona yule hapana?"

Bibi alipunguza mwendo. Alionekana mzee ghafla. "Hilo nimemuuliza kila siku tangu tulipomzika mjukuu wangu. Kila siku, mwanangu. Hajanijibu."

"Na bado unamuuliza?"

"Namuuliza Yeye. Siendi kuuliza kwingine." Akamshika mkwe wake kiwiko. "Nilikuwa namuuliza peke yangu. Nimechoka na mimi. Angalau sasa tuko wawili."

Wiki ile ile, Baba Pacha alipoweza kuongea bila kushika mbavu, alimwomba mkewe asogeze kiti karibu na kitanda. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na harufu ya dawa. Utani ulikuwa umeanza kumrudia, lakini sasa uso wake haukuwa wa utani.

"Nataka kukuuliza jambo, usikasirike. Mlipofika pale, mbona ulikaa muda mrefu vile kabla ya kuanza kuchimba?"

"Hatukukaa. Tulifika tu nikaanza."

"Hapana. Ulikaa. Nilipoona pampu ni nzima, nilikwenda kutazama kama maji yanavujia kwenye tangi la zamani. Udongo uliponishukia nilikuwa peke yangu, nikajua nimekwisha. Halafu ukaja. Sikukuona, ulikuwa nyuma ya kichwa changu. Ulikuwa unasali kwa sauti ya chini. Nikataka kukuambia chimba, sauti haitoki. Nikasema basi, kama hachimbi, angalau asiondoke. Na hukuondoka. Muda mrefu sana. Nilikuwa nikisinzia, sauti yako inaniamsha. Ndipo nikamsikia Chiriku analia juu, na fimbo ya Mama."

Kitanda cha jirani watu walikuwa wanacheka kuhusu kuku aliyepotea.

"Nilikuwa nasema nini?" Mama Pacha akauliza.

"Mengine sikuyashika. Ulikuwa unaongea na mtu. Mwanzoni nilidhani ni mimi. Na mara moja moja ulikuwa unanyamaza, kama mtu anayejibiwa."

Hakumwambia. Alimwambia baadaye sana, mguu ulipopona kiasi cha kutembelea mkongojo, naye akakaa siku mbili bila kufanya mzaha. Siku ile wodini alimfuta jasho tu, akamshika ule mkono mkubwa mpaka kengele ya wageni ikalia.

Kuhusu kuomba, usidhani aligeuka kuwa mama wa maombi anayepaza sauti mbele ya watu. Kanisani alibaki vile vile, upande wa dirishani. Ila nyumbani alianza kuongea. Aliongea akipima kitambaa, akikata, akifumua mshono uliokwenda upande. Wakati mwingine alishukuru. Mara nyingi zaidi alidai.

Chiriku alirudi shule alasiri moja akamkuta amesimama katikati ya chumba, mkasi mkononi, uso umewiva.

"Mama, unaongea na nani?"

"Nagombana na Mungu. Ingia taratibu."

Mtoto akatua mkoba wake, akatazama kila pembe, akaketi kwenye rundo la vitambaa. "Nani anashinda?"

"Hatujamaliza," Mama Pacha akasema, akamrushia ncha ya kitambaa. "Shika hapo, vuta, usikilegeze."